Kipimo cha vinasaba na dozi ya warfarini: kwa nini fomula iliyowafaa Wazungu iliwakosea wagonjwa weusi

Katika kliniki ya moyo wanaweza kuketi kwenye benchi moja watu wawili wa umri mmoja, uzito mmoja na ugonjwa mmoja, wote wakitumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na bado mmoja akahitaji miligramu 2 kwa siku ilhali mwenzake anahitaji 10 ili damu zao zifikie kiwango kilekile. Ukimpa wa kwanza dozi ya wa pili, anaweza kuvuja damu tumboni au kwenye ubongo. Ukimpa wa pili dozi ya wa kwanza, damu yake itaendelea kuganda kana kwamba hajameza kitu, na bonge likifika kichwani atapata kiharusi. Daktari hawezi kuitambua tofauti hiyo kwa kuwatazama. Sehemu yake kubwa imo kwenye jeni zao, na tangu jeni hizo zilipotambuliwa kumekuwa na juhudi za kuzisoma mapema ili kila mgonjwa aanzishiwe dozi inayomfaa. Juhudi hizo zimefanikiwa kwa baadhi ya watu. Kwa wengine, hasa wenye asili ya Afrika, kuna mahali zilifanya hali kuwa mbaya kuliko kutopima kabisa, na sababu yake inaeleweka vizuri.

Kwanza liondolewe swali ambalo huulizwa mapema: kwa nini kuhangaika na warfarini wakati zipo dawa mpya za kuzuia damu kuganda, kama rivaroksabani na apiksabani, ambazo hazihitaji damu kupimwa mara kwa mara? Jibu liko kwenye aina ya wagonjwa tulionao. Katika Afrika Mashariki ugonjwa wa valvu za moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni bado ni wa kawaida, na unawapata vijana, wengi wao wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya INVICTUS, jaribio la kitabibu lililohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye ugonjwa huo pamoja na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wengi walitarajia rivaroksabani ifanye vizuri angalau sawa na dawa za kundi la warfarini. Haikuwa hivyo: waliotumia dawa za zamani walipata vifo vichache zaidi, na hawakuvuja damu zaidi ya wenzao. Kwa aliyewekewa valvu bandia ya chuma, dawa mpya zimejaribiwa na majaribio yakasimamishwa kwa sababu ya mabonge ya damu. Kwa hiyo, kwa sehemu kubwa ya wagonjwa wa Mulago, Muhimbili au Kenyatta, warfarini si dawa ya jana inayosubiri kuondolewa kabatini. Ndiyo dawa yenyewe.

Dawa hii ina asili ya ajabu kidogo. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa kaskazini mwa Marekani na wa Kanada walikuwa wakifa kwa kuvuja damu baada ya kula majani yaliyooza ya mmea fulani wa malisho. Maabara ya Karl Paul Link katika Chuo Kikuu cha Wisconsin ndiyo iliyotenga kemikali iliyohusika, na kutokana nayo ikapatikana warfarini, ambayo iliingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya kabla ya kuidhinishwa kwa binadamu mwaka 1954. Inazuia ini lisiweze kuirudisha vitamini K katika hali ya kutumika tena. Ini hutumia vitamini hiyo kukamilisha baadhi ya protini zinazogandisha damu. Isiporudishwa, protini hizo hutoka zikiwa nusunusu na damu huchelewa kuganda.

Hapo jeni mbili zinaingia. Ya kwanza ni VKORC1, iliyotambuliwa mwaka 2004, ambayo hubeba maelekezo ya kutengeneza kile kimeng'enya kinachoirudisha vitamini K, yaani shabaha yenyewe ya dawa. Kuna badiliko moja karibu na mwanzo wa jeni hii linalofanya mwili utengeneze kimeng'enya kidogo, hivyo dawa kidogo inatosha kukizima. Kwa watu wa Asia Mashariki takribani asilimia 90 ya nakala za jeni hiyo zina badiliko hilo, kwa wenye asili ya Ulaya ni kama asilimia 40, na kwa wenye asili ya Afrika kusini ya Sahara ni kama asilimia 10 tu. Hii ndiyo sababu kuu inayofanya Mjapani wa kawaida ahitaji dozi ndogo na Mwafrika wa kawaida ahitaji dozi kubwa, ingawa huyo "wa kawaida" hakai kwenye benchi la kliniki. Anayekaa pale ni mtu mmoja mwenye nakala zake mbili za jeni, moja kutoka kwa kila mzazi.

Jeni ya pili ni CYP2C9, ambayo hutengeneza kimeng'enya cha ini kinachoivunja warfarini na kuitoa mwilini. Matoleo yake yamepewa namba: la kawaida ni *1, na mengi ya yanayofuata hufanya kazi polepole. Mwenye toleo la polepole hubaki na dawa mwilini kwa muda mrefu, na dozi inayomfaa jirani yake inamrundikia siku baada ya siku. Matoleo ya *2 na *3 ndiyo yaliyojulikana mapema na kuchunguzwa sana, kwa sababu rahisi kwamba ndiyo yanayopatikana kwa Wazungu, na Wazungu ndio waliopimwa.

Bila taarifa za jeni, daktari huanza kwa kukisia, mara nyingi miligramu 5 kwa siku, kisha anaongozwa na kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani. Mtu asiyetumia dawa ana INR ya karibu 1. Wagonjwa wengi hutakiwa wawe kati ya 2 na 3, na wenye valvu ya chuma upande wa kushoto, ile ya maitro, kati ya 2.5 na 3.5. Wiki za mwanzo ndizo za hatari, kwa kuwa dozi bado haijapatikana na INR hupanda na kushuka. Kama jeni zingeweza kutuambia tangu siku ya kwanza kwamba huyu ni wa miligramu 3 na yule ni wa 7, kipindi hicho kingefupishwa. Wazo hilo ni zuri na bado linasimama.

Mwaka 2009 kundi la kimataifa la watafiti lilichapisha fomula iliyotokana na kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa kutoka nchi tisa. Nchi hizo zilikuwa za Asia, Ulaya na Amerika, Afrika haikuwamo. Inafaa kuitazama fomula hiyo ikifanya kazi, kwa sababu tatizo zima linaonekana ndani yake. Tuchukue mgonjwa wa kufikirika: mwanamke mweusi wa miaka 38, urefu sentimita 160, uzito kilo 60, ambaye kipimo kimeonyesha hana badiliko la VKORC1 na CYP2C9 yake imesomwa kuwa *1 mbili. Fomula inampa miligramu 45 kwa wiki, yaani kama 6.4 kwa siku. Kama angekuwa na nakala mbili za badiliko la VKORC1, jibu lingeshuka hadi 25 kwa wiki. Kama angekuwa na toleo moja la *3, lingekuwa 33. Hesabu inakwenda vizuri na inaonekana ya kuaminika.

Sasa tuseme mwanamke huyo ana toleo la *8. Hili ndilo toleo la polepole lililo la kawaida zaidi kwa Wamarekani weusi, na pamoja na *5, *6 na *11 linapatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika. Mashine iliyopangwa kutafuta *2 na *3 peke yake haitaliona. Na kwa kuwa haikuona kitu, itaandika *1 mbili, maana *1 katika ripoti za namna hiyo haimaanishi kwamba jeni imesomwa yote ikakutwa salama. Inamaanisha kwamba yale yaliyotafutwa hayakupatikana. Wavu wa kuvulia sangara hauleti dagaa, na hakuna mvuvi atakayekuambia kwamba ziwa halina dagaa. Lakini fomula inaipokea *1 hiyo kama habari njema na kumwandikia mama huyu miligramu 45, ilhali miongozo ya sasa ingetaka dozi yake ipunguzwe kwa asilimia 15 hadi 30, iwe kati ya 32 na 38.

Hivyo ndivyo ilivyotokea katika jaribio la COAG la Marekani, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2013. Wagonjwa 1,015 waligawanywa: nusu walikadiriwa dozi kwa jeni pamoja na taarifa za kliniki, nusu kwa taarifa za kliniki pekee kama umri na uzito. Kwa ujumla hapakuwa na tofauti yoyote: kundi la kwanza lilikaa ndani ya INR inayotakiwa kwa asilimia 45.2 ya muda, la pili asilimia 45.4. Wastani huo ulificha jambo. Zaidi ya robo ya washiriki walikuwa weusi, na walipoangaliwa peke yao ilionekana kwamba waliokadiriwa kwa jeni walikaa ndani ya kiwango kwa asilimia 35.2 ya muda, dhidi ya 43.5 ya weusi wenzao ambao jeni zao hazikuhusishwa. Taarifa ya ziada iliwadhuru. COAG ilikuwa imepima VKORC1, na kwa CYP2C9 ikapima *2 na *3 tu. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba fomula za aina hiyo huwakadiria dozi kubwa mno watu waliobeba matoleo ya Kiafrika.

Katika toleo hilohilo la jarida lililochapisha COAG, watafiti wa Ulaya walichapisha jaribio lao, EU-PACT, lililofanyika Uingereza na Sweden kwa wagonjwa 455, karibu wote Wazungu. Kwao kipimo cha jeni kilishinda: asilimia 67.4 ya muda dhidi ya 60.3. Kuna waliosema tofauti ya majibu ilitokana na kundi la ulinganisho, kwa kuwa Ulaya walilinganisha jeni na dozi ya kuanzia isiyobadilika, si na fomula ya kliniki kama Wamarekani. Hoja hiyo ina uzito. Lakini haielezi kwa nini ndani ya COAG yenyewe, kwa kanuni zilezile, wagonjwa weusi walifanya vibaya zaidi. Jaribio la tatu, GIFT, la mwaka 2017, liliwahusu wazee waliofanyiwa upasuaji wa nyonga au goti Marekani, na likaonyesha kwamba kupima jeni kulipunguza jumla ya madhara kutoka asilimia 14.7 hadi 10.8. Ni matokeo mazuri, na tisa kati ya kila washiriki kumi walikuwa Wazungu.

Kuna jambo jingine ndani ya fomula ya 2009 linalostahili kutazamwa kidogo. Ukiwa mweusi, inakupunguzia dozi. Hili linashangaza mwanzoni, kwa sababu sote tunajua kwamba kwa wastani wagonjwa weusi huhitaji dozi kubwa kuliko Wazungu. Ufafanuzi ni kwamba VKORC1 imekwisha kuhesabiwa mahali pengine, na baada ya kuhesabiwa, fomula iligundua kwamba weusi bado wanahitaji pungufu kidogo ya ilivyotarajiwa. Pungufu hiyo ilitoka wapi? Kwa maoni yangu, sehemu yake inaelekea kuwa kivuli cha *8 na wenzake, matoleo ambayo hayakupimwa, yakagawanywa kwa watu weusi wote kwa usawa: aliyenayo anapunguziwa kidogo kuliko anavyohitaji, asiyenayo anapunguziwa bila sababu. Rangi ya ngozi iliwekwa pale kuziba pengo la maarifa, na pengo likibaki limezibwa hivyo, hakuna anayeona haraka ya kulijaza.

Mwaka huohuo wa 2013 pengo hilo lilianza kujazwa. Utafiti uliochunguza genomu nzima, yaani vinasaba vyote, za Wamarekani weusi, uliochapishwa katika jarida la Lancet, uliibua badiliko linaloitwa rs12777823, lililo kwenye kromosomu ya 10 jirani na CYP2C9. Aliyenalo huhitaji dozi ndogo, hata kama *2, *3, *8 na mengineyo hayamo. Cha kuvutia ni kwamba badiliko hilo lipo pia kwa Wazungu na Waasia, lakini kwao halihusiani na dozi. Maana yake ni kwamba lenyewe huenda halifanyi chochote. Linasafiri pamoja na kitu kingine kwenye kromosomu za watu wenye asili ya Afrika, na kwenye kromosomu za wengine halina msafiri huyo. Kwa hiyo utafiti uliofanywa kwa Wazungu, hata ungehusisha watu milioni moja, usingeliona. Ushirikishwaji wa Waafrika katika tafiti mara nyingi huzungumzwa kama suala la haki, na ni kweli, lakini hapa ni suala la kupata jibu sahihi au kulikosa.

Mwaka 2017 CPIC, kundi linaloandaa miongozo ya kutumia vinasaba katika dawa, liliandika wazi jambo ambalo miongozo ya awali haikusema kwa uwazi huo. Kwa mgonjwa mwenye asili ya Afrika, kama maabara imepima *2 na *3 peke yake, dozi isikadiriwe kwa jeni. Daktari arudi kwenye fomula ya kliniki. Kama *5, *6, *8 na *11 zimepimwa, dozi ipunguzwe kwa asilimia 15 hadi 30 kwa kila nakala inayopatikana, na mwenye rs12777823 apunguziwe asilimia 10 hadi 25 zaidi. Yule mama wa mfano wetu, akiwa na vyote viwili, angejikuta kati ya miligramu 24 na 34 kwa wiki badala ya 45. Hiyo ni tofauti inayoweza kumpeleka mtu wodini.

Hata hivyo, hiyo yote ni habari ya Wamarekani weusi, ambao asili yao kwa sehemu kubwa ni Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, tena wakiwa na mchanganyiko wa damu ya Ulaya. Kuwachukua kama wawakilishi wa Mganda, Mmakonde, Mluo na Msomali ni kurudia kosa lilelile kwa hatua moja mbele. Afrika ina tofauti nyingi za vinasaba kuliko bara lolote. Mfano ulio karibu nasi ni wa Ethiopia: mwaka 2008 iliripotiwa kwamba badiliko la VKORC1 liitwalo Asp36Tyr, ambalo humfanya mtu ahitaji dozi kubwa sana ya warfarini, ni la kawaida kwa Waethiopia, ilhali kwa Wazungu wengi ni adimu. Kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya Wamarekani weusi kinatafuta zaidi sababu za kupunguza dozi. Mgonjwa wa Addis Ababa aliyekuja na sababu ya kuiongeza anaweza kupita bila kuonekana, akaendelea kuambiwa kwamba hamezi dawa zake.

Ndiyo maana kazi ya mradi wa War-PATH, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Liverpool pamoja na watafiti wa Uganda na Afrika Kusini, ina umuhimu wa pekee. Walikusanya taarifa na vinasaba vya wagonjwa wa nchi hizo mbili, wakachunguza genomu nzima, na mwaka 2021 wakachapisha fomula ya kuanzishia dozi kwa Waafrika weusi isiyotumia jeni hata moja. Hatua hiyo inaweza kuonekana ya kurudi nyuma. Naiona kuwa ya busara: kliniki isiyo na mashine ya kusomea jeni inaweza kuitumia kesho, na siku mashine itakapofika patakuwa na msingi halali wa kulinganisha.

Maana jeni, hata zikisomwa zote, hazimalizi hesabu. Kwa Wazungu, jeni hizi pamoja na umri na uzito hueleza karibu nusu ya tofauti za dozi, na kwa watu wenye asili ya Afrika sehemu inayoelezwa ni ndogo zaidi. Mgonjwa wa moyo anayeanza rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu anaweza kuhitaji warfarini mara mbili au zaidi ya aliyokuwa akimeza, na akimaliza dozi ya kifua kikuu bila kupunguziwa warfarini, ndani ya wiki chache anaweza kuanza kuvuja damu. Kotrimoksazoli, ambayo wengi wanaijua kama Septrin, huipandisha INR. Vivyo hivyo flukonazoli na metronidazoli, dawa ambazo mtu hununua duka la dawa bila kuulizwa anatumia nini kingine. Mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki zina vitamini K nyingi. Hazikatazwi, kinachotakiwa ni kula kwa kiasi kisichobadilika, jambo ambalo kwa familia inayokula kulingana na msimu na mfuko ni rahisi kuliandika kuliko kulitekeleza.

Tafiti za kliniki za Afrika zimekuta mara kwa mara kwamba wagonjwa hukaa ndani ya INR inayotakiwa kwa muda mfupi kuliko asilimia 65 inayohesabiwa kuwa udhibiti mzuri. Hilo halitokani na jeni zao. Linatokana na vitendanishi vilivyokwisha, nauli ya kutoka wilayani, majibu yanayotoka baada ya mgonjwa kuondoka. Pale Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, kliniki ya warfarini iliwekwa mikononi mwa wafamasia wanaopima INR papo hapo na kurekebisha dozi mgonjwa akiwa bado amekaa mbele yao. Kama ningelazimika kuchagua pa kuanzia, ningeanza hapo kabla ya kununua mashine ya jeni. Lakini sikubaliani na wanaotumia hoja hiyo kusema jeni zisubiri. Jeni za mtu hupimwa mara moja maishani, gharama ya kuzisoma imekuwa ikishuka, na mgonjwa ambaye hawezi kurudi kliniki kila wiki ndiye anayehitaji zaidi kuanzishiwa dozi iliyo karibu na sahihi.

Katika hospitali binafsi za miji yetu ripoti za vinasaba zimeanza kuonekana mikononi mwa wagonjwa, nyingine zimetoka India, Ulaya au Marekani. Daktari anayeipokea aanze na sehemu ambayo kwa kawaida huandikwa kwa herufi ndogo mwishoni: orodha ya matoleo yaliyotafutwa. Ikiwa CYP2C9*8 haimo, neno "kawaida" lililoandikwa juu kwa herufi nzito halimhusu mgonjwa aliye mbele yake, na dozi ikadiriwe kwa umri, uzito na dawa nyingine anazotumia, INR ikirudiwa baada ya siku chache.